Gari Lililonyamazishwa

Saa mbili ya asubuhi, siku ya Jumamosi, Inspekta Séraphine alimtoa Sylvestre katika kasho, chumba cha mahabusu, kwa mara ya tatu. Alimketisha kwenye kiti cha mbao kisicho na mgongo, akazunguka meza, akaketi upande wake. Aliziweka karatasi za pévé, za kuandikia maelezo, mbele yake, akazigonga pembe zikae sawa, ndipo akashika kalamu. Miaka kumi na tisa alikuwa opéjé pale Kasongo, kazi ya kuuliza watu, kuandika majibu yao na kuyapeleka parquet kwa mwendesha mashtaka, na miaka yote hiyo hakuwahi kuanza swali kabla karatasi hazijakaa sawa.

Mwenzake, Inspekta Élysée, alikuwa amesimama mlangoni akimenya ndizi. Miwani yake ilishikwa sikio moja kwa uzi mweusi.

"Sylvestre, gari la parquet liko hapa tangu jana," Séraphine alisema. "Saa saba linarudi Kindu. Weye utakuwa ndani, na kando ya jina lako kumeandikwa mauaji. Umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

"Basi sema. Jumanne alfajiri mlinzi alikuona ndani ya jeep ya mradi wa afya, na kitu cha chuma mkononi. Mchana jeep ile imepinduka kwenye mteremko kabla ya Wamaza. Djuma amevunjika mguu na mkono. Mkunga Mounira amekufa. Ulifanya nini mle ndani?"

Sylvestre alikuwa mtu wa miaka hamsini na mitatu, mrefu, mwenye vidole vilivyokakamaa kwa usukani. Miaka kumi na miwili aliendesha jeep za mradi ule, mpaka ilipokuja hii mpya, ikapewa Djuma, dereva aliyezidiwa naye umri kwa miaka ishirini. Mji ulikuwa umekwisha kuhukumu. Sokoni, msikitini, mlangoni pa kanisa, neno lilikuwa moja: wivu. Sylvestre amekata freni, yaani mirija ya breki.

"Sikukata freni," alisema.

"Sikukuuliza freni. Nimekuuliza ulifanya nini."

Sylvestre alivitazama vidole vyake vya miguu, akavikunja, akavikunjua.

"Mama, usiniulize kitu unachokijua."

Ndizi ya Élysée ilisimama njiani. "Wee! Ndivyo mutu anavyosema na opéjé?"

"Nisamehe, Inspekta. Nitasema popote mtakaponipeleka. Lakini mbele ya Mama siwezi."

Séraphine aliona ni kiburi. Aliandika, *Amekataa kujibu*, akampa kalamu atie sahihi. Sylvestre alitia sahihi kwa mkono wa kulia, taratibu, kama mtoto wa darasa la pili, akarudishwa kasho.

Nje barazani alikuwa ameketi mzee Asani, baba yake Mounira. Tangu walipomzika binti yake Jumatano, alikuja kila siku baada ya swala ya alfajiri, kanzu imepigwa pasi, viatu vimefutwa vumbi, akaketi palepale. Hakuomba kitu. Alisema anataka tu kumwona mutu aliyemwua mwanawe akipanda gari.

"Mzee, umeamkaje?"

"Tumeamka, Mama. Kuna neno moja nililinyamazia. Ni neno la wanawake, nikaona haya kulileta hapa."

"Lilete."

"Wanawake waliomwosha walisema viganja vyake vimechubuka. Vyote viwili, hapa ndani. Alama imepita hivi, upana wake vidole vitatu." Mzee aliweka vidole vitatu juu ya kiganja chake. "Mwanangu alishika nini?"

"Labda mshikio wa mlango, mzee."

"Mshikio wa mlango una upana wa vidole vitatu?"

Séraphine alifungua daftari lake, akachora kiganja, akachora na ile alama, akaandika chini yake: *vidole vitatu*.

Jeep iliyopinduka ilikuwa imekokotwa kwa lori mpaka garaji ya Atumani, nyuma ya soko. Ni mwendo mfupi tu, ukipita kwa wauza mchele na mawese, ukikwepa pikipiki na baiskeli zenye magunia. Séraphine alikwenda kwa mguu. Aliijua njia hiyo hata gizani, maana garaji ya Atumani ndipo walipokutana kila Jumapili Wana wa Matope.

Wana wa Matope walikuwa madereva, makanika na wapenzi wengine wa magari ya njia mbaya, watu ishirini na wanne, na grupu yao katika telefoni. Picha ya jeep mpya ikitoka popote duniani, iliwafikia kabla ya chai. Mwanamke alikuwa mmoja tu, Mama Séraphine, ambaye kabla ya upolisi aliendesha lori la baba yake kati ya Kasongo na Kabambare kwa miaka sita. Akisema neno juu ya gari, ishirini na watatu walinyamaza.

Alipofika uani aliwasikia kabla ya kuwaona. Atumani mwenyewe na Zacharie, dereva wa lori, walikuwa wameinamia telefoni moja.

"Tazama uso wake!" Zacharie alikuwa anasema. "Ile ya mwaka kesho. Wamemrudishia taa za mviringo. Huyu ndiye jeep, si ile sabuni waliyotuletea juzi. Na pine ya akiba wameirudisha mgongoni."

"Uso si kitu," Atumani alijibu. "Ingia ndani. Kuna kioo kama sinia ya wali. Maji ya mto Luama yakifika pale, nani atakitengeneza? Miye na bisibisi yangu?"

"Na hapa wameandika vitu vya lazima. Freni inajifunga yenyewe ikiona kitu mbele."

"Kutoka hapa mpaka Kabambare kuna mbuzi wangapi? Utaondoka Krismasi, utafika Pasaka!"

"Na kuna jicho linamutazama shofere kama anasinzia."

"Hiyo kazi bibi yangu anaifanya bule."

Walicheka. Zacharie akainua macho, akamwona Séraphine, na cheko likafa mdomoni mwake. Alivua kofia, akasema amesahau pine yake sokoni, akaondoka bila kumtazama.

"Ana nini huyu?" Séraphine aliuliza.

"Ni huzuni, Mama. Wote tuko na huzuni."

"Ondoa turubai. Leta kitambaa safi, ufunguo wa kumi na moja, na maji."

Alianza na freni, maana ndizo mji mzima ulizozitaja. Kikopo cha mafuta ya freni kilikuwa kimejaa mpaka kwenye mstari. Alilala chini juu ya gunia, akafuata mrija mmoja mmoja kwa vidole, magurudumu yote manne, akifuta tope kwanza, akipapasa, kisha akitazama kidole kama kimelowa. Hakuna kilicholowa. Akamwambia Atumani akanyage pedali. Ilikuwa ngumu, kama inavyotakiwa.

"Tena."

"Iko nzima, Mama."

"Sema kwa sauti, kwa sababu nitaandika ni weye umesema."

"Freni iko nzima! Hakuna mutu aliyekata."

Akaenda kwenye gurudumu la mbele la kushoto. Kati ya pine na chuma kulikuwa na nyasi zilizong'olewa na mizizi yake, na udongo mwekundu mbichi. Basi ukingo wa njia ulimeguka. Mvua ya Jumatatu ililainisha mteremko, gari likatia mguu pembeni, ardhi ikaondoka chini yake. Kupinduka kulikuwa kazi ya mvua. Lakini upande wa gari aliokaa Mounira haukubondeka sana. Paa lilishika na mlango ulifunguka vizuri. Djuma, aliyekuwa upande uliopigwa, yuko hai. Kwa nini aliyekufa ni yule wa upande mzima?

Aliingia ndani, akaketi kwenye kiti cha Mounira. Maboksi ya glavu na pamba za kuzalishia bado yalikuwa yametawanyika nyuma. Mkanda wa kiti kile ulikuwa umevutwa nje mpaka mwisho, ukakwama, haukurudi katika gurudumu lake. Séraphine aliutazama kitambo. Mkanda usiotumiwa hulala ndani ya ukuta wa gari. Huu ulivutwa na mtu. Aliupima kwa vidole vyake. Vitatu.

Akafungua daftari, akautazama ule mchoro wa kiganja, akalifunga.

"Atumani, hii gari ilikuwa na kengele ya mkanda, sivyo?"

"Ilikuwa nayo. Mutu akikaa bila kufunga, inalia. Haiachi kulia mpaka afunge."

"Na Djuma angeweza kuvumilia kengele toka hapa mpaka Wamaza?"

"Nani angeweza?"

Alishusha mkono kwenye kifungio, pale ulimi wa mkanda unapoingia. Palikuwa pamejaa. Aliminya kitufe chekundu kwa kidole gumba, na kitu kikaruka, kikaanguka mapajani mwake: ulimi wa chuma peke yake, bila mkanda. Ulikatwa kwa msumeno, pembe zikalainishwa kwa tupa, ukatobolewa tundu dogo la kuupitishia uzi.

Wana wa Matope kitu hiki walikiita titi. Gari likilia kama mtoto mchanga, walisema, lipe titi. Ukiuchomeka ulimi mtupu kwenye kifungio, gari linadhani mtu amejifunga, linanyamaza. Huko Kasongo kujifunga mkanda mbele ya dereva ilikuwa kama kualikwa chakula, kisha ukaunusa wali kabla ya kula. Hakuna mgeni mwenye adabu angefanya hivyo.

Séraphine alitoka nje, kwenye mwanga. Kazi ilimshika, akaendelea nayo kwa mpango uleule wa siku zote. Aliinua kile chuma karibu na macho.

"Aliyekata alikuwa na haraka, msumeno umeruka mara mbili. Lakini tupa aliipiga kwa utulivu. Tazama mistari. Mutu wa mkono wa kulia, mistari yake inalala hivi. Hii imelala kinyume. Sylvestre anaandika kwa kulia, nimemwona leo. Weye ni wa kulia. Basi tunatafuta mutu wa mkono wa kushoto anayejua kushika tupa. Ni nani hapa..."

Atumani alikuwa anautazama mkono wa Séraphine ulioshika kile chuma.

Ulikuwa wa kushoto.

Ukutani, juu ya meza ya kazi, kulikuwa na misumari ya kutundikia funguo, kila mmoja na ufunguo wake. Mmoja ulikuwa mtupu. Séraphine aliutazama. Jumapili moja, miezi miwili nyuma, alisimama mbele ya msumari ule na watu wote wakimpigia makofi.

"Tangu lini unajua?" aliuliza.

"Tangu Jumanne jioni, gari ilipoletwa. Nilikiona nikanyamaza."

"Nani alikitoa msumarini?"

"Sylvestre. Alisema Djuma anakiomba, kwa sababu mkubwa wa mradi hataki kuona mambo hayo, basi atakiweka alfajiri." Atumani alijipangusa mikono kwa kitambaa ambacho kilikuwa kichafu kuliko mikono. "Mama, futa ile odio, ile sauti yako uliyotuma kwa grupu. Miye nimefuta. Zacharie amefuta. Tangu Alhamisi grupu nzima tumefuta. Imebaki telefoni yako tu."

"Juu ya nini mumefuta?"

"Juu ya heshima yako."

Séraphine alitoa telefoni kwenye mfuko wa sare. Ilimchukua muda kuipata, maana ilikuwa nyuma sana, chini ya picha nyingi za magari. Aliigusa. Sauti yake mwenyewe ikatoka uani, kubwa, yenye furaha:

"Wapenzi, msikilizeni Mama yenu! Djuma, mwanangu, gari ikilia kama mutoto mchanga, utafanya nini? Utamupa titi anyamaze! Titi yenyewe nimeikata na mukono wangu, iko kwa msumari wa Atumani, ukitaka njoo uchukue. Lazima, lazima... Lazima ni ya Ulaya! Shofere wa kweli hafungwi kamba kama mbuzi wa sikukuu. Na mutu akipanda gari yangu akajifunga mukanda, ashuke, atembee!"

Kisha likafuata cheko. Lilikuwa refu. Liliisha, likaanza tena.

Atumani alikuwa amegeuka, anapanga funguo zilizokwisha kupangwa.

Séraphine alikifunga kile chuma ndani ya karatasi, akaandika juu yake siku, saa na mahali, akamtaka Atumani atie sahihi kama shahidi. Kisha akashika njia ya kupita nyuma ya soko, pasipo na watu.

Hospitalini muuguzi alimwambia Djuma ameamka usiku, homa imeshuka, anaweza kusema kidogo. Alilala kwenye kitanda cha mwisho, mguu umefungwa mbao. Alipoona sare alijaribu kuinuka.

"Lala. Nimekuja kama opéjé, si kama Mama wa grupu. Nani aliomba kengele inyamazishwe?"

"Miye." Djuma alisema upesi, kama aliyekaa akilingoja swali. "Sylvestre hakutaka. Alisema vitu vya mradi havichezewi. Nilimusukuma siku tatu. Nilimwambia, hata Mama Opéjé amesema. Ndipo akakubali. Sylvestre yuko wapi?"

"Juu ya nini uliomba?"

"Walinicheka wiki nzima. Waliniita Shofere wa Kengele. Nikipita kwa gari, wanapiga sufuria."

Séraphine alikumbuka sufuria. Alikuwa ameona ni mchezo mzuri. Aliandika jibu lote, na neno sufuria pia.

"Jumanne, Mounira aliingia garini saa ngapi?"

"Saa moja. Nilimfungulia mlango. Yeye amezoea gari mpya, alikuwa Bukavu kwa masomo. Akaketi, akavuta mukanda. Akaniinamia, akasema, 'Kaka Djuma, hapa pamejaa.'"

"Ukamjibu nini?"

Djuma aligeuza uso ukutani. Séraphine alingoja. Alijua kungoja, aliwahi kungoja jibu moja tangu asubuhi mpaka adhuhuri.

"Nilisema, 'Kaa tu, dada, hii gari inajua yenyewe.' Akanitazama. Nadhani alielewa. Hakutaka kuniaibisha, akacheka kidogo, akasema sawa. Lakini mukanda hakuurudisha. Aliupitisha hapa tumboni, akaushika kwa mikono miwili. Hivi."

"Toka Kasongo?"

"Toka Kasongo. Tunaongea, anacheka, lakini mikono iko pale. Kwenye mashimo naona anakaza. Nilikuwa nasema moyoni, simama, Djuma, toa kile kitu, dakika moja tu. Lakini ningesema nini? Juu ya nini nimesimama? Kilomita kumi nikaona haya. Kilomita ishirini nikaona haya zaidi, kwa sababu sikusimama zile kumi. Mpaka kule."

"Na weye? Ulikuwa umefunga wako?"

Djuma alifumba macho. Machozi yalipita pembeni, yakaingia masikioni.

"Nilikuwa nimefunga. Chini ya koti la mvua. Kila siku nafunga chini ya koti, Mama, wasinione."

Séraphine aliandika hilo pia. Alimsomea majibu yote tangu mwanzo, pole pole, akampa wino atie kidole gumba, maana mkono wa kuandikia ulikuwa ndio uliovunjika. Akamfuta kidole chake kwa ncha ya kitambaa chake mwenyewe.

Alirudi ofisini saa sita na nusu. Uani, dereva wa parquet alikuwa anafunga magunia ya mchele juu ya gari. Mzee Asani alikuwa palepale barazani. Séraphine alipita mbele yake bila kumsalimu, jambo asilowahi kufanya, akafunga mlango. Alimketisha Élysée mezani, akamwonyesha chuma, pévé ya Djuma na daftari, akamweleza kuanzia msumari mpaka koti la mvua.

Élysée alivua miwani. Aliivaa, akaivua tena.

"Sikiliza, Séraphine. Andika hivi: kipande cha chuma, asili yake haijulikani. Si uongo mkubwa. Mutu aliyekiweka ni Sylvestre, amekiweka kwa mikono yake. Djuma amekiomba. Weye ulisema maneno tu. Mutu hafungwi kwa mchezo wa telefoni."

"Sylvestre anapelekwa kwa mauaji."

"Kindu watajua wenyewe."

"Watajua kwa nani? Wote wamefuta. Yeye mwenyewe amenyamaza, kwa sababu yangu. Anafikiri najua, nataka kumtoa yeye kafara."

"Na sisi? Kesho nani atakubali kuulizwa na weye? Mutu ukimwita, atakupigia sufuria."

"Atapiga."

Séraphine alizunguka meza. Aliketi kwenye kiti kisicho na mgongo, akaweka kofia yake ya kazi juu ya magoti. Kutoka pale, dirisha lilimpiga machoni. Hakuwa akijua kwamba wote aliowauliza walikaa na jua usoni.

"Andika," alisema. "Sylvestre, si mauaji, ni uzembe. Djuma, uzembe. Na mutu wa tatu, aliyekitengeneza akawafundisha. Uniulize jina kama unavyowauliza wengine. Na mwite mzee kwanza. Ana haki ya kusikia hapa, si sokoni."

Mzee Asani aliingia, akamwona Inspekta kwenye kiti cha mtuhumiwa, akasimama asijue pa kukaa. Élysée alimpa kiti chake mwenyewe, akaandika amesimama, ameinamia meza.

Séraphine alisema yote. Hakupunguza, na hakutaja kwamba wengine nao walicheka. Alipofika kwenye viganja, alieleza kwa sauti ileile, kwamba Mounira alikuta pamejaa, akaushika mkanda kwa mikono njia nzima, kwa sababu alikuwa mtu wa adabu na hakutaka kumwaibisha dereva. Mzee aliifungua mikono yake juu ya magoti, akaitazama.

"Kwa hiyo hakuna aliyemchukia," alisema mwisho.

"Hakuna, mzee."

"Siku nne namwomba Mungu anionyeshe adui yake. Ingekuwa afadhali angekuwepo."

Nje, gari la parquet lilipiga honi. Dereva wake aliita kwamba amebakiza dakika tano, kama kuna mtu wa kupakia apakiwe. Élysée alichungulia dirishani, akamjibu kwamba hakuna mtu, kuna karatasi tu, na azingoje.

"Hiyo sauti," mzee Asani alisema, "iko wapi?"

"Nimeandika maneno yake yote, mzee. Inspekta atakusomea."

"Sitaki kusomewa. Nataka kuisikia."

Séraphine alitoa telefoni. Kisha ofisi ile ndogo ikajaa sauti yake, Wapenzi, msikilizeni Mama yenu, na mtoto mchanga, na mbuzi wa sikukuu, na ashuke, atembee. Hakupunguza sauti. Cheko lilipoanza, Élysée aliweka kalamu chini, akatazama kando. Mzee Asani hakutazama kando. Alimtazama yeye usoni tangu mwanzo wa cheko mpaka mwisho, na lile la pili pia.

Telefoni ilinyamaza.

"Ulikuwa unacheka nini, Mama?" mzee aliuliza. Aliuliza bila ukali, kama mtu anayetaka kweli kujua.

"Nilikuwa namcheka Djuma. Odio ya Djuma, iliyokuwa mbele ya hii yangu."

"Alisema nini?"

Kofia ilianguka kutoka magotini. Séraphine hakuiokota.

"Alisema, tusichukie kengele. Alisema gari hailii bule, inalia kwa sababu inajua kuna mutu ameketi pale."

Mzee Asani aliinuka. Aliisawazisha kanzu yake mbele, akaifuata meza, akaweka kidole kwenye karatasi, chini ya mstari wa mwisho ulioandikwa.

"Andika hiyo," alimwambia Élysée.